Daktari Jian na Kichochoro cha Waongo

Zahanati ya sindano ya Daktari Jian Suqiu inatazamana mlango kwa mlango na duka la nguo za maiti la Mzee Pu Changgen. Mgeni akipita Kichochoro cha Kisima cha Chumvi huona hivyo akadhani ni mradi wa ubia. Si ubia. Pu alirithi duka kwa baba yake, Jian akapewa chumba na serikali ya mtaa enzi zile za vyumba vya kupewa, na tangu hapo wakawa wanagombania wateja kwa utani ambao usingethubutu kuurudia mbele ya wafiwa.

"Mimi nawachelewesha," Jian alizoea kusema, "yeye anawangoja."

Naye Pu, huku akikunja joho la hariri ya buluu rafuni, hujibu kwamba hajapata kumwona mteja wa Jian ambaye hatimaye hakuvuka njia.

Jambo moja tu walikubaliana: hakuna kati yao aliyemwambia mteja karibu tena. Kwa daktari ni kumwombea mtu maradhi. Kwa muuza sanda, hata sina haja ya kusema. Kwa hiyo mgonjwa wa Jian akimaliza tiba huvaa viatu vyake akatoka kimya, kama mtu aliyekosana na wenyeji, na hiyo ndiyo adabu kamili.

Mji wetu una mambo mawili ya kujivunia: visima vya chumvi, ambavyo vimekauka, na Daktari Jian, ambaye hajakauka hata kidogo. Ni bibi wa miaka sabini na sita, kimo cha pipa la achari, nywele anazipaka rangi nyeusi ya kiwi cha viatu, na sauti yake ingeweza kutangaza treni bila kipaza sauti. Ujanani alikuwa daktari wa peku, wale vijana wa vijijini waliopewa mafunzo ya miezi michache na sanduku la dawa, kisha wakarudi shambani kulima mpunga na kutibu wakulima wenzao kwa mikono ileile yenye matope. Sanduku lilipokwisha dawa, na liliisha upesi, zilibaki sindano, zile nyembamba za kuchoma zisizo na dawa ndani. Sindano haziishi. Unazichemsha, unaendelea.

Tangu hapo ameuhubiria mji mzima afya bila huruma. Kunywa maji ya moto. Chovya miguu kwenye beseni la maji ya moto kabla ya kulala. Inuka mezani tumbo lingali na nafasi. Shingo usiiache ipigwe na upepo. Kijana akipita na soda yenye barafu mbele ya zahanati husemwa yeye, mama yake na mwenye kiwanda cha barafu. Yeye mwenyewe hula sungura wa pilipili mpaka machozi yanamtoka, na kwenye mchezo wa vigae wa majong hupiga kelele zisizopendekezwa kwa mwenye moyo. Ukimuuliza, anakwambia yeye anajua pa kujichoma na wewe hujui, basi kunywa maji yako.

Na vitambaa. Hapa kwetu mgonjwa aliyepona humpelekea daktari kitambaa chekundu chenye maandishi ya dhahabu: mikono yako imerudisha majira ya kuchipua, na mengine ya aina hiyo, yaliyo tayari kwa fundi, unaongeza jina tu. Jian alivitundika vyote. Ukuta ulipojaa akaziba dirisha. Mwishowe zahanati ilikuwa nyekundu na giza kama tumbo la tikitimaji, na wagonjwa walipapasa kutafuta kitanda, lakini walipapasa kwa fahari.

Sasa ni lazima nieleze namna kazi yake inavyokwenda, maana balaa lote lilitokea hapo. Sindano ikiingia tu si kitu. Mbu naye huingiza. Inatakiwa ifike. Ikifika, mgonjwa husikia uzito, ganzi, kitu kinavimba ndani kama mkono uliolaliwa, na husema: imefika. Wakati huohuo daktari husikia vidoleni kwamba sindano imeshikwa, kana kwamba kuna mtu upande wa pili wa ukuta ameikamata ncha ya kamba. Pande mbili, habari moja. Isipofika, unaitafuta.

Mwaka jana, majira ya kuchipua, kidole gumba cha kulia cha Daktari Jian kilianza kukakamaa. Hakusema. Sisi tuliona. Sindano zikawa zinaingia nusu, zinasita, zinalala upande. Alipouliza, "Imefika?", mgonjwa wa kwanza kusita nadhani alikuwa Mama Yin, muuza tambi wa kwenye kona, aliyekuja na kiuno chake. Mama Yin hakusikia kitu. Lakini unamwambiaje mama aliyekuzalisha watoto wako, mbele ya watu, kwamba mkono wake umekwisha? Huko ni kumvua nguo barabarani. Mama Yin akasema imefika. Aliyefuata akasema imefika upesi zaidi. Kufikia majira ya joto watu walikuwa wanasema imefika kabla sindano haijatoka kwenye kopo. Na kwa vile dhamiri zilikuwa zinawawasha, wakaleta vitambaa vingi kuliko mwaka wowote.

Viuno, lakini, havijui adabu. Viliendelea kuuma.

Kisha Pu akapata kwikwi.

Kwikwi ilikuja nyuma ya jambo jingine. Hospitali ya mjini ilimkuta na uvimbe kwenye ini, uliokwisha kuwa mkubwa mno kukatwa, wakamrudisha nyumbani na maneno laini. Pu hakulia. Alipanda ngazi ya duka lake, akajichagulia joho zuri kuliko yote, akalijaribu mbele ya kioo na kulalamika mabega yamembana. Lakini kwikwi ilimshinda. Ilikuwepo asubuhi, ilikuwepo usiku. Tambi zilimtokea puani. Kwenye majong kila mtu alijua kapata kigae kizuri kwa sababu kwikwi iliongeza mwendo. Alikuwa anakonda, si kwa ini tu, bali kwa njaa.

Basi akavuka njia, kinyume na mwelekeo wa biashara yake. Ndani mlikuwa mmejaa: Mama Yin kalala kifudifudi na sindano kiunoni, Mwalimu Xiong mstaafu, aliyepooza shavu, kajaa sindano usoni kama nungunungu, na sisi wengine tumeketi na vikombe vya chuku mgongoni tukisubiri.

"Dada Jian," Pu alisema, "sikuombi uniponye. Huko ninakokwenda nakujua, nina duka lake." Kwikwi. "Naomba bakuli moja tu la tambi lipite kwa amani."

Jian hakutania. Alimkalisha, akamkunja mkono wa shati, akapapasa kwenye kifundo cha mkono pale wanapopaita Lango la Ndani, akachoma.

"Imefika?"

Vichwa vyote vilivyoweza kutikisika vilitikisika kukubali kwa niaba yake. Mama Yin, sauti ikitoka kwenye tundu la kitanda, akamhimiza: "Sema imefika, Mzee."

"Haijafika," alisema Pu.

Tulisikia mvua kwenye bati.

Jian aliichomoa, akachoma tena.

"Haijafika. Unanidunga kama mtu anayeangalia kama andazi limeiva."

"Una hakika, we mzee?"

"Dada, mimi ni mtu wa kufa." Kwikwi. "Sina muda wa adabu."

Jian alisimama na sindano yake mkononi. Halafu akageuka, polepole, na kuanzia na aliye karibu.

"Mama Yin. Juzi nilipokuchoma, ilifika?"

"Ilifika, Daktari. Karibu."

"Karibu wapi?"

"Karibu na kufika."

Akamtazama Mwalimu Xiong, ambaye alijifanya sindano za shavuni zimemfunga mdomo, ingawa punde tu alikuwa akitusimulia kwa kirefu habari za mkwe wake. Sisi wenye chuku tukatazama sakafu. Na kama ilivyo kawaida ya uongo wa wengi, ulipopasuka sehemu moja ulichanika wote. Ikajulikana kwamba Mama Yin huenda hospitali ya wilaya kila Alhamisi kutibiwa kiuno, kavaa barakoa, miwani ya jua na kofia ya mwanawe. Ikajulikana pia kwamba kwenye benchi la hospitali hiyo amekutana na nusu ya kichochoro, wote na miwani ya jua, wote wakijifanya hawajuani.

Tulingoja matusi. Tuliyastahili na tuliyahitaji. Hayakuja. Alimtazama Pu peke yake, akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo:

"Vidole vyangu viliniambia haijafika. Hawa wakaniambia imefika. Nikawaamini hawa."

Aliona aibu, lakini nilimwona akiinyoosha ile mikono mbele yake na kuitazama, na usoni kulikuwa na kitu kingine pia, kitu kama mtu aliyeambiwa mwanawe si mwizi. Kidole gumba kilikuwa kimechoka. Lakini vidole vilikuwa vinasikia. Miezi yote hiyo vilikuwa vimesema kweli, peke yao, dhidi ya mtaa mzima.

Alituondolea sindano na vikombe mmoja mmoja, hata tone la damu halikutoka. Akapanda kwenye kigoda akaanza kushusha vitambaa, vyote vya tangu majira yale ya kuchipua. Vilivyoziba dirisha vilikuwa vya mwaka huo huo. Mwanga ukaingia, na tukagundua kwamba kitanda cha Mama Yin ni cha kijani.

Kesho yake mlangoni palibandikwa karatasi: Mkono uko masomoni.

Wanafunzi wake wa zamani wangeweza kuitwa, lakini wote wako miji mikubwa wanawachoma wacheza mpira na matajiri wanaotaka kupunguza mashavu. Hapakuwa na wa kumtibu Pu ila yeye, naye alikuwa na mkono mmoja uliochoka na mwingine ambao maisha yake yote haujafanya kazi zaidi ya kushikilia ngozi. Hapo ndipo penyewe. Mkono wa kushoto ujifunze kabla Pu hajaondoka, au aondoke na kwikwi yake.

Alihamia uani kwa mkahawa wa chai na beseni la bati lenye maji, na ndani ya beseni akaweka bilinganya lielee. Ndivyo mwalimu wake alivyomfunza: bilinganya linaelea, wewe unalichoma. Likibonyea majini, umetumia nguvu. Likibiringika, umechoma kwa woga. Likitulia kana kwamba halikuguswa, unaruhusiwa kumkaribia binadamu. Alipokuwa msichana wa miaka ishirini alisumbuka nalo msimu mzima. Bibi wa sabini na sita alikuwa na mpaka kwikwi ya Pu.

Kichochoro kizima kilikuja kunywa chai ya yasmini na kutazama. Tulikuwa tumejifunza, tena kwa pupa ya waongofu wapya, kwamba ukweli ni mzuri, hivyo tukausema bila kuombwa. Limezama, Daktari. Limebiringika, Daktari. Hilo umelitoboa kabisa, Daktari. Alitutazama kwa macho ya kuua lakini hakutukataza. Mabilinganya yaliyotobolewa mwenye mkahawa aliyakaanga kwa kitunguu saumu na pilipili, na kwa majuma kadhaa kichochoro kilikula bilinganya kwa uangalifu mkubwa, kila mtu akitafuna kama anayetafuta mwiba wa samaki.

Pu aliketi kando yake kwenye kiti cha mwanzi, blanketi magotini, anapungua.

"Fanya haraka, Dada. Mimi si achari," kwikwi, "sikai mtungini."

"Nyamaza, unatikisa maji."

Nilikuwa meza ya jirani siku moja Jian alipomuuliza Pu kama anaogopa. Akasema anaogopa kuvalishwa vibaya. Nguo zile hazina vifungo, ni vifundo vya kamba tupu, na mwanawe ni mtu wa kompyuta, hajui kufunga hata kiatu. Atamfunga kama mzigo wa posta.

Jian alicheka, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayarudia kwa wageni. Alisema watu hudhani amepigana na kifo maisha yake yote. "Sijawahi hata kukutana nacho. Kikija, mimi nakuwa nimeshaondoka, unabaki wewe na rafu zako. Mimi kazi yangu ni kiuno cha Mama Yin kiweze kuinamia sufuria kesho asubuhi. Kesho asubuhi, basi. Sijapata kumwahidi mtu keshokutwa."

"Na mimi," kwikwi, "kesho asubuhi nataka kula."

"Najua unachotaka."

Akachoma bilinganya. Lilibonyea, lakini kidogo.

Siku lilipotulia hapakuwa na kelele. Tulikuwa tumechoka kutazama, wengine wamerudi kwenye vigae vyao. Mkono wa kushoto ulikwenda, sindano ikaingia, na bilinganya likabaki pale juu ya maji, zambarau, linang'aa, haliyumbi, kama afisa aliyelala mkutanoni. Akachoma ya pili kando yake. Likatulia. Ya tatu. Mwenye mkahawa alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina mpaka ikafika mezani, ikashuka sakafuni.

Jian alijifuta mikono. "Mbebeni huyu," akasema.

Tulimbeba Pu pamoja na kiti chake. Zahanati ilikuwa na mwanga sasa, tuliona kila kitu. Alikitumia kile kidole gumba kibovu kubonyeza na kutafuta mahali, maana kubonyeza bado kinaweza, na mkono wa kushoto ukaleta sindano.

"Bado," alisema Pu.

Hakuna aliyepumua kwa niaba yake. Jian hakuuliza chochote; alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza vidoleni. Aliizungusha sindano kidogo, akaiinua, akaishusha.

"Bado. Bado." Halafu uso wa Pu ukabadilika, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti anayoifahamu. Na kabla hajafungua mdomo, Jian ndiye aliyesema, wa kwanza, kwa ile sauti yake ya kutangaza treni:

"Imefika."

"Imefika," Pu akakubali. "Nzito. Mkono kama wa mtu mwingine."

Akamchoma na chini ya goti, pale wanapopaita Maili Tatu. Ikaja kwikwi moja. Tukangoja ya pili. Tukangoja sana. Mama Yin, ambaye kwa kiuno chake hakupaswa kukimbia, alikimbia, akarudi na bakuli la tambi zenye mchuzi mwekundu na karanga. Pu akala. Alikula polepole, bila kumtazama mtu, akanywa na mchuzi, akaweka bakuli chini, akafuta mdomo kwa mkono usio na sindano. Haikutoka hata moja puani.

Alipokuwa anasaidiwa kutoka, Daktari Jian alisema jambo lililotufanya wote tugeuke.

"Njoo tena kesho."

Alivunja sharti la daktari mbele ya macho yetu, tena kwa kumwambia muuza sanda. Pu alisimama kizingitini, akatabasamu meno yote yaliyobaki.

"Miaka yote hii," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananitakia kesho."

Alikuja kesho yake, maana kwikwi ilirudi, na sindano ikaituliza, na hivyo hivyo. Hakupona. Hakuna aliyesema atapona, hata kwa adabu. Lakini alikula, na mtu anayekula ana nguvu za kutukana, na aliwatukana mabingwa wote wa majong mpaka mwisho. Alifariki maboga ya mwisho ya majira ya baridi yalipokuwa bado sokoni na miti ya plamu ikianza kutoa maua. Vifundo vya joho lake alivifunga Daktari Jian, kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto, na mwanawe wa kompyuta akasimama pembeni akijifunza.

Baada ya mazishi, yule kijana alileta mfuko. Pu alikuwa ameacha kitambaa. Hakikuwa chekundu. Alikikata mwenyewe kwenye ile hariri ya buluu ya nguo za maiti na kukitarizi kwa uzi wa dhahabu wa dukani kwake, herufi za mtu anayetetemeka lakini anayejua kazi: Ya kwanza haikufika. Ya pili haikufika. Kisha ikafika.

Mwalimu Xiong alishtuka, na kwa kuwa shavu lake sasa linasogea tuliuona mshtuko wote. Kitambaa cha sanda, ndani ya zahanati, ni mkosi ambao hata sisi tusiojali mikosi tunaukwepa. Watu wakashauri kiwekwe sandukuni, kwa heshima. Jian akapanda kigoda akakipigilia katikati ya ukuta, juu ya vyekundu vyote.

Asubuhi iliyofuata wa kwanza kulala kitandani alikuwa Mama Yin, bila miwani ya jua. Sindano ikaingia kiunoni.

"Ime—" alianza, kwa mazoea.

Daktari Jian alimngoja ageuze shingo, ainue macho ukutani, asome.

"Bado, Daktari," alisema Mama Yin.

"Ehee," alisema Jian, na akainamisha kichwa kusikiliza. "Sasa tunaweza kufanya kazi."